Je, ofisa wa utamaduni ubalozini ana sauti yoyote katika sera ya mambo ya nje?

MwanaLangoni (Lamu)

Assalaam aleikum ndugu wanajukwaa. Majuzi nilialikwa ngomeni hapa Lamu, ambako ofisa wa utamaduni wa ubalozi mmoja wa Magharibi alikuja kukabidhi vitabu vya watoto. Alisifu milango yetu ya nakshi, akatukumbusha kwamba Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001 (kana kwamba tulisahau), na akasema nchi yake inathamini sana urafiki wetu. Nahodha mmoja anayewatembeza wageni kwa jahazi, aliyeketi kando yangu, hakupiga makofi. Alinipa simu yake nisome: ilikuwa tahadhari ya usafiri ya ubalozi uleule, inayowashauri raia wao wasikanyage kaunti ya Lamu.

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu amekuja kutusifu huku wenzake wakiwazuia wageni wasije. Sitaki kumlaumu mtu binafsi. Ninachouliza ni hiki: watu wanaofanya diplomasia ya umma, yaani waambata wa utamaduni, maofisa wa habari na wasemaji wa balozi, wanashiriki kuitunga sera, au wanakabidhiwa sera iliyokwisha kupikwa ili waipakue tu?

Mstaafu wa Malindi

Waaleikum salaam, mwanangu. Nilifanya ukalimani na tafsiri katika ofisi ya habari ya ubalozi mmoja Nairobi kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona pamoja na niliyoyasoma.

Tahadhari za usafiri huwa mikononi mwa watu wa konseli (wanaohudumia raia wao walioko ugenini) na wa usalama, na uamuzi wa mwisho hutoka makao makuu. Wao huulizwa jambo moja tu: raia wetu akidhurika, tulimwonya? Tangu utekaji nyara wa mwaka 2011 huku kwetu na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, hakuna ofisa anayependa jina lake lionekane kwenye karatasi ya kulegeza onyo. Ofisa wako wa vitabu anaweza kuandika maoni, lakini hana kalamu ya kulifuta.

Swali lako, hata hivyo, ni la zamani. Jina lenyewe la diplomasia ya umma, kwa maana inayotumika leo, lilianza kuenea mwaka 1965 kupitia Edmund Gullion, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Kongo kabla ya kuongoza Fletcher, chuo cha diplomasia huko Marekani. Kabla ya hapo, mtangazaji Edward Murrow alikuwa amepewa na Rais Kennedy uongozi wa USIA, shirika la habari la Marekani kwa mataifa ya nje, mwaka 1961. Haukupita muda akagundua kwamba uvamizi wa Kuba katika Ghuba ya Nguruwe ulikuwa umepangwa bila yeye kuulizwa, na sasa alitakiwa kuueleza ulimwengu. Malalamiko yake, kwa lugha yetu ya pwani, yalikuwa kwamba huwezi kumwita fundi atie kalafati wakati jahazi liko bahari kuu na maji yamekwisha kujaa. Mwite lingali gatini. Mwaka uliofuata, katika mgogoro wa makombora ya Kuba, naibu wake aliketi kwenye kamati ya rais. Basi mlango uliwahi kufunguliwa. Mwaka 1999 USIA ilivunjwa na kazi zake nyingi zikahamishiwa wizara ya mambo ya nje, na wako wanaoamini kwamba hapo sauti ya watu hawa ilipungua.

Binti Mkomani

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe, ila mfano wa Marekani usitumike kuwapima wote. British Council ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1934, na Goethe-Institut ya Wajerumani, taasisi za lugha na utamaduni, zimewekwa kwa makusudi mbali kidogo na wizara, na umbali huo ndio mtaji wao: watu huziamini kwa sababu hazisemi kwa niaba ya waziri. Kwa hiyo kukosa sauti katika sera si udhaifu kila mara.

China ni habari nyingine. Wanaakiolojia wao walipochimba Mambrui, karibu na Malindi, pamoja na wenzao wa Kenya kuanzia mwaka 2010, na twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wao mwaka 1415 alipoanza kutajwa katika hotuba, utamaduni na sera vilitembea bega kwa bega. Sisemi kwamba uchimbaji ule haukuwa wa kweli kielimu. Nasema tu kwamba aliyepanga urafiki alijua mapema twiga atamfaa wapi.

Na mbona hatuwataji wafanyakazi wenyeji? Ofisa wa kigeni hukaa miaka mitatu hivi akahamishwa. Anayejua nani anasikilizwa barazani ni Mkenya aliyeajiriwa pale.

MwanaLangoni (Lamu)

Nashukuru nyote. Mzee, je, maoni ya nahodha yangeweza kufika popote, au niyaache?

Mstaafu wa Malindi

Usiyaache. Nusu ya kazi ya ofisa yule, na ndiyo nusu isiyopigwa picha, ni kusikiliza na kuripoti. Nilitafsiri barua nyingi za wananchi. Zilizojaa lawama zilijibiwa kwa aya mbili za heshima na kuwekwa kabatini, lakini zenye tarehe, idadi ya safari zilizofutwa na jina la kisiwa kinachohusika zilinukuliwa katika ripoti. Nahodha aeleze pia tofauti ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, na vijiji vya mpakani, kwa kuwa onyo hulegezwa kwa eneo dogo kwa urahisi zaidi kuliko kwa kaunti nzima. Barua aiandikie ofisi ya konseli, nakala ampe ofisa wa utamaduni, na kama anavyosema Binti Mkomani, aipitishe kwa yule Mkenya aliyekuja akibeba maboksi ya vitabu.