Mnaoandika njia za folda za laptopu zenu ndani ya CMakeLists, mnatuumiza

Wakuu, nimekasirika na sifichi. CMakeLists.txt ni faili la maelekezo ambalo CMake inalisoma ili kujenga programu kutoka kwenye kodi, na humo ndimo uharibifu ulipo.

Nipo Tukuyu, naunganisha mizani ya kielektroniki ya kupokelea majani ya chai na kompyuta ya kituo. Mizani inaongea Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani), kwa hiyo programu inahitaji libmodbus, laibrari ya lugha hiyo. Fundi aliyeandika kodi alilipwa chake akaondoka. Sasa kila ukikompaili (kugeuza kodi kuwa programu) inagoma: modbus.h, yaani heda, faili la maelezo ya laibrari hiyo, haionekani. Kilo za wakulima zinaandikwa kwa mkono kwenye daftari lililolowa mvua, na ugomvi hauishi pale dirishani.

Nauliza kwenye magrupu, kila mtu ana jibu lile lile: "Mkuu, install upya libmodbus-dev." Bando linateketea bure! Laibrari IPO. Piga ls /usr/include/modbus, heda hiyo hapo.

Shida ni wapi inatafutwa. gcc, ndiyo kompaila, kwenye Ubuntu inapitia /usr/local/include, /usr/include na folda zake nyingine chache, basi. Haichimbi folda za ndani. Ukiandika #include <modbus.h>, ile /usr/include/modbus haiguswi mpaka uitaje. Na huyu bwana alitaja nini? Nimefungua CMakeLists.txt nikakuta include_directories (amri ya kutaja folda za heda) inaelekeza kwenye folda iliyo chini ya /home yenye jina lake. Laptopu yake! Kwake inakubali, kwingine kote haikubali.

Kinachouma zaidi, gcc ikipewa folda isiyokuwepo hailalamiki. Inairuka kimya, halafu inakuja kulia kuhusu heda, nawe unadhani laibrari ndiyo mbovu. Ukiiongezea -v ndipo inakutajia folda ilizozipuuza kwa kuwa hazipo, kisha orodha ya zile inazopitia kweli. Hiyo orodha ndiyo ya kusoma kwanza. Ukitaka kuona CMake imeipa kompaila nini, piga cmake --build . --verbose uangalie kila -I, maana ndiyo inayotaja folda ya kutafutia heda.

Dawa yenyewe ni fupi mno, ndiyo maana nina hasira. Kuna pkg-config, chombo kinachojua laibrari zilipo: pkg-config --cflags libmodbus inakujibu -I/usr/include/modbus. Ndani ya CMakeLists:

find_package(PkgConfig REQUIRED)
pkg_check_modules(MODBUS REQUIRED IMPORTED_TARGET libmodbus)

Kisha unaunganisha programu na PkgConfig::MODBUS kwa target_link_libraries. Hii ipo tangu CMake 3.6 ya mwaka 2016, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Na nyie wa find_path (amri ya CMake ya kutafuta folda lilimo faili): njia ikishapatikana inabaki kwenye CMakeCache.txt, faili la kumbukumbu za CMake. Ukihamisha laibrari bila kufuta faili hilo, utaendelea kupewa njia ya zamani.

Wa "install upya" naomba mpite kimya. Anayetaka kusaidiwa humu alete matokeo ya -v kwanza. Na nyie mnaotoa kazi, kabla hamjamlipa mtu hela ya mwisho, mkalisheni mbele ya kompyuta ambayo hajawahi kuigusa, akompaili mkiona.