Ofisi ya mitihani imeikataa kompyuta yangu: ninunue ya aina gani?

Kutoka: Binti wa Ujiji (Ujerumani)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku nyingi.

Nimerudi sasa hivi kutoka ofisi ya mitihani ya chuo ninachosoma, na nimeona nisilale na jambo hili peke yangu. Kuanzia muhula huu, mitihani miwili ya takwimu itafanyika kwenye kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, ndani ya SEB (Safe Exam Browser, programu ya kufanyia mtihani), na kila mmoja wetu anatakiwa kurudisha ile fomu ya tamko la kifaa kabla ya Ijumaa ijayo. Mimi ninayo Chromebook, kompyuta mpakato yenye mfumo wa Google, niliyoinunua kwa mtu kwa euro 90 mwezi ule nilipofika, nayo imenifaa kwa kila kitu, tangu kuomba miadi ya eAT, kadi ya kibali cha ukaazi, hadi kuandika kazi za darasani. Mama wa dirishani aliipokea, akaigeuza, akasoma kibandiko cha chini, kisha akanirudishia na kuniambia kwa adabu kabisa kwamba haikubaliki. Nilipomuuliza inayokubalika ni ipi, alinisogezea karatasi yenye maneno mawili tu: Windows, macOS.

Fedha niliyonayo haizidi euro 400, na sehemu kubwa yake ni malipo ya HiWi, kibarua cha mwanafunzi chuoni, ambayo bado hayajaingia. Nikimaliza masomo mwakani, mashine hiyo nitampelekea mdogo wangu aliyeko Ujiji, ambaye anatarajia kuanza chuo. Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa swali moja: kati ya MacBook ya mtumba na kompyuta mpakato ya Windows, ni ipi itakayopita SEB hapa na bado iwe hai Kigoma miaka minne ijayo?

Kutoka: Mzee wa Gungu (Minnesota)

Marahaba, mwanangu. Nunua Mac, wala usijisumbue kuuliza zaidi. Mimi nilinunua MacBook Air ya M1 mwanzoni mwa mwaka 2021, miezi michache tu baada ya mashine hiyo kuingia sokoni, na mpaka leo ninaibeba kazini kila siku. Haina hata feni, kwa hiyo haipigi kelele, na ninapokuwa zamu ya usiku ninaiwasha saa nne na kuifunga alfajiri bila kutafuta soketi. Kabla ya hapo nilikuwa na kompyuta za kawaida tatu, na zote zilikufa kwa virusi. Mac haipati virusi.

Kutoka: Kaka wa Kasulu (Helsinki)

Dada, nasikitika kuona unataka kutupa mashine iliyo nzima. Ninaandika kutoka mji ambao ndimo Linus Torvalds alimoanzia mfumo wa Linux mwaka 1991 akiwa bado mwanafunzi, kwa hiyo nisamehe kama ninavutia upande wangu. Ifungue hiyo Chromebook, iwekee Ubuntu, ambayo ni Linux ya bure, na utakuwa na kompyuta kamili bila kulipa hata senti. Mimi nimeandika tasnifu nzima kwa LibreOffice kwenye mashine ambayo jirani alikuwa ameiweka nje karibu na pipa la taka, na mdogo wako naye angejifunza mengi kwa njia hiyo kuliko kwa kubofya alama za wengine.

Kutoka: Binti wa Ujiji (Ujerumani)

Kaka, ahsante, lakini SEB haiendeshwi kwenye Linux. Ipo ya Windows, ya macOS, na ya iPad na iPhone, basi. Waliitengeneza ETH Zürich mahususi ili ifunge kila kitu kingine wakati wa mtihani, na hata nikiweka Ubuntu nitarudi kwenye dirisha lile lile kwa mama yule yule.

Kutoka: Mwana wa Unyanyembe (Leicester)

Naomba nisahihishe mambo mawili kabla hayajazoeleka humu.

La kwanza, Mzee wangu, si kweli kwamba Mac haipati virusi. Hupata programu hasidi kama nyingine, ila walengaji wengi walizoea kuwinda penye watu wengi, na penye watu wengi ni Windows. La pili, na hili si kwako peke yako, watu humu wanaandika "kompyuta ya kawaida" na "PC" kana kwamba Mac ni mnyama wa msitu mwingine. Maneno hayo yalikwama kwa ile mashine ya IBM ya Agosti 1981 na zile zilizoiiga. Macintosh ilikuja Januari 1984, nayo ni kompyuta binafsi vilevile. Tofauti inayomhusu Binti ni ya mfumo endeshi na ya uwezekano wa kutengenezeka.

Na kwa kuwa amesema mtumba, kuna mtego wa Windows ambao hakuna aliyeutaja. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inadai kwa ujumla prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Maduka ya mitumba yamejaa mashine nzuri za kizazi cha sita na cha saba ambazo zimeshushwa bei kwa sababu hiyo hiyo, na muuzaji hatakuambia. Soma namba ya prosesa: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7300U ni cha saba. Kwa prosesa za umri huo, inayotazamwa ni ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Zaidi ya hayo, ukikuta mpya ya bei ya kutupa, hakikisha haiko kwenye hali ya S, maana hiyo inakubali programu za duka la Microsoft peke yake. Unaweza kuitoa bila malipo, lakini ukishaitoa hairudi.

Kutoka: Mzee wa Gungu (Minnesota)

Kijana, nimeishi na hiyo Mac muda wote huu na sijaona kirusi hata kimoja. Wewe umesoma, mimi nimetumia.

Kutoka: Shangazi wa Muscat

Assalaam alaikum. Mimi ni wa Tabora kwa upande wa babu, na huwa siandiki mambo ya mashine, lakini yaliyonipata msiyarudie.

Mwaka jana nilimnunulia mpwa wangu kompyuta mpya kabisa, nyembamba kama sahani, yenye prosesa ya Snapdragon, kwa kuwa kijana wa dukani alinihakikishia kwamba ni Windows na kwamba betri yake haiishi. Ni kweli ni Windows, na kweli betri inakaa. Mpwa wangu ana steshenari Tabora mjini, jirani na soko, ambako kazi yake ni kuchapa barua, kutoa nakala, na kuwajazia watu maombi ya mikopo ya chuo ya HESLB na ya ajira. Alipoichomeka kwenye printa yake ya siku zote, printa haikutambuliwa. Tulihangaika kwa simu siku tatu, tukamaliza vocha, mpaka tukaelezwa kwamba prosesa za aina hiyo zinaziendesha programu nyingi za zamani kwa kuzitafsiri, lakini kiendeshi cha printa, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, hakitafsiriwi. Lazima kiwe kimeandikwa kwa ajili yake, na printa ile ya zamani haikuandikiwa. Sasa ile kompyuta nzuri anaitazamia mpira, na kazi anaifanyia kwenye ile ya zamani yenye ufa kwenye kioo. Binti, kabla ya kununua uliza itachomekwa wapi.

Kutoka: Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Wapendwa, mimi siko ughaibuni. Niliunganishwa humu na dada yangu, na kwa kawaida husoma tu. Leo naomba niseme kwa sababu mashine zenu, mkishazichoka, hufikia kwenye meza yangu.

Nianze na Mac ya Mzee wa Gungu, maana ameisifu kwa jambo moja la haki ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Ile Air ya M1 haina feni, na kwa vumbi la kiangazi la hapa kwetu hilo si jambo dogo. Nyingi ninazozifungua huwa zimejizima kwa joto, na ndani ya feni ninakuta blanketi la vumbi na nyuzi za kanga, na mara nyingine mende aliyekufa zamani. Lakini Mac ikifa, haifi kidogo. Skrubu zake za chini ni za pembe tano, na bisibisi ya kuzifungulia niliiagiza Dar es Salaam. Ukishafungua, hakuna utakalofanya kuhusu kumbukumbu ya RAM, kwa sababu imefungashwa pamoja na prosesa, na hifadhi imelehemiwa kwenye bodi. Bodi ikiungua, picha za harusi na tasnifu vimeondoka nayo. Kioo huagizwa, na mara mbili mteja aliposikia bei ya kioo aliniachia mashine akaenda zake.

Upande wa pili nitaje mashine moja ninayoipenda, ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Mfuniko wake wa chini unafunguka kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, RAM ina nafasi mbili, diski inatoka, na betri ni mbili, moja ya ndani na nyingine ya nje inayochomolewa huku mashine ikiwaka. Umeme wetu wa sasa si ule wa siku za jenereta, lakini mvua zikianza bado hukatika, na mwenye betri ya akiba huichomeka na kuendelea kuandika. Mwana wa Unyanyembe amesema kweli kuhusu tarakimu ile, na naongeza kwamba hata T480 zenyewe zimo zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba. Jina la nje halitoshi.

Jambo la mwisho ni kibodi, na nashangaa walioko Ujerumani hamkulitaja. Mwezi uliopita aliletwa kwangu kijana na kompyuta iliyotoka huko kwenu, analalamika kwamba ina virusi. Nilimwambia achape mbele yangu. Amejifunzia steshenari, anachapa bila kutazama vidole, na barua yake ilianza hivi: "ZAH: OMBI LA KAYI." Kila "yeye" ilikuwa "zeze". Kibodi ya Kijerumani imebadilishana Z na Y, na kwa Kiswahili hizo ni herufi za kila mstari. Nilibadilisha mpangilio kwenye mfumo kwa dakika moja, lakini maandishi ya juu ya vitufe yamebaki yanamdanganya kila anayeiazima.

Kutoka: Mwana wa Unyanyembe (Leicester)

Fundi amenena. Nyongeza ndogo kuhusu betri ya akiba, kwa kuwa najua kuna watakaoipakia vibaya: ikiwa haimo ndani ya kompyuta, hairuhusiwi kwenye mzigo wa kupakiwa chini. Ibebwe mkononi ndani ya ndege, na isizidi saa-wati 100, isipokuwa kwa ruhusa ya shirika lenyewe. Ndugu yangu mmoja alifunguliwa begi uwanjani kwa sababu hiyo, na migebuka mikavu ya shemeji yake ikatandazwa mbele ya watu.

Kutoka: Mzee wa Gungu (Minnesota)

Migebuka mikavu. Kijana, hilo umelisema kwa kunionea, maana hapa nje kuna theluji ya magoti na kwenye friji nina samaki asiye na harufu wala jina. Nilipokuwa mdogo, gari moshi likichelewa, tulikuwa tunashuka Kibirizi kuangalia mitumbwi ikirudi na karabai zake asubuhi, na mwisho wa reli hakuna aliyekuwa na haraka. Lakini nirudi kwenye hoja. Fundi, kama bodi ya Mac ikiungua ndiyo basi, hiyo ThinkPad bodi yake ikiungua inakuwaje?

Kutoka: Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Mzee, ikiungua nayo ni msiba, lakini ninachomoa diski naichomeka kwenye mashine nyingine, na kazi ya mtu anaondoka nayo mfukoni. Hiyo ndiyo tofauti.

Kutoka: Kaka wa Kasulu (Helsinki)

Naona hakuna aliyejibu hoja yangu kuhusu Ubuntu kwa upande wa mdogo mtu. Mtihani wa Binti utakwisha. Huyo mdogo hahitaji SEB. Je, dada, umeuliza kama chuo kinaazimisha mashine kwa siku za mtihani? Ukiazima, hiyo Chromebook inakutosha na euro 400 zako zinabaki.

Kutoka: Binti wa Ujiji (Ujerumani)

Ahsanteni nyote. Kaka, nimeuliza leo. Nyuma ya fomu, chini kabisa, kuna mstari wa kuomba mashine ya kuazima, na muda wa kuomba ulifungwa siku mbili kabla sisi hatujapewa fomu yenyewe. Mama wa dirishani alinionyesha tarehe kwa ncha ya kalamu, wala hakuona ajabu yoyote.

Nimepita pia kwenye duka la mitumba karibu na stesheni. Ipo T480, i5-8350U, kwa euro 260, kibodi ya Kijerumani, na betri ya nje haishiki hata dakika kumi. Wakati huohuo kuna mwanafunzi wa Kihindi anayerudi kwao anauza Air ya M1 kwa euro 400 kamili, RAM ya gigabaiti 8, kibodi ya Kiingereza, haina hata mkwaruzo. Nimeishika mkononi na nakiri kwamba moyo ulikwenda. Shangazi, nimemuuliza mdogo wangu itachomekwa wapi, amesema kwenye televisheni.

Fomu nimeshaijaza jina, namba ya usajili, na tarehe. Pale penye visanduku viwili vya mfumo endeshi bado sijaweka alama.

Kutoka: Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Mdogo wangu, kibodi ya T480 inashikwa na skrubu mbili tu kwa chini, kisha inatelezeshwa na kuinuliwa. Ukipata ya Kiingereza huko, itie kwenye begi uje nayo, nitaibadilisha wewe ukiwa unakunywa chai.

Kutoka: Mzee wa Gungu (Minnesota)

Mwanangu, chukua ya yule Mhindi.