Phoenix na Los Angeles: mara saa sawa, mara wanapishana saa moja, inakuwaje?

Mpitanjia79:
Wakuu habari zenu. Nina dada yangu yuko Phoenix, Arizona na binamu yetu yuko Los Angeles, wikiendi huwa tunapigiana simu ya video wote watatu. Sasa mwezi wa saba wote wawili wanasema kwao saa mbili asubuhi, fresh, ikifika mwezi wa 12 dada anasema saa mbili binamu anasema saa moja, na hamna aliyehama! Dada anasema yeye tangu afike hajawahi kugusa saa yake. Si nchi moja hiyo? Nani anaamua hawa wabadilishe wale wasibadilishe? Halafu kwenye simu nikiweka Mountain Time, ukanda wa saa wa Arizona, inanidanganya miezi kibao.

KipimaMajira:
Dada yako yuko sawa, anayehamahama ni binamu 😂 Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 inasema jimbo likitaka kubadili saa (kusogeza mbele saa moja kiangazi, kisha kurudisha) lifuate tarehe za taifa, lisipotaka libaki na saa za kawaida mwaka mzima, ila kujitungia tarehe zake haliruhusiwi. Arizona wakajaribu 1967, mwaka uliofuata wakajitoa. Sababu kubwa ni joto. Ukisogeza saa mbele maana yake jua linazama kwa kuchelewa saa nzima, na Phoenix kiangazi nyuzi 40 ni kawaida, watu wanasubiri jioni ndo wapumue, sasa nani atataka aongezewe jua? Kwa hiyo jumapili ya pili ya Machi California wanasogea mbele wanamkuta dada hapo hapo alipo, jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudi nyuma wanamwacha, na kuanzia hapo dada anakuwa saa sawa na Denver, mji wa ukanda huo huo wa Mountain ila wao wanabadilisha.

Bi_Mshale:
Na hapo hujaona kituko chenyewe. Ndani ya hiyo hiyo Arizona kuna eneo la Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, wao WANABADILISHA, maana ardhi yao imeingia mpaka Utah na New Mexico na hawataki kuwa na saa mbili kwenye eneo moja. Halafu katikati ya Wanavajo kuna Wahopi, kabila jingine la wenyeji asilia, wamezungukwa kila upande, nao wamegoma wanafuata Arizona. Tuba City ni ya Wanavajo, Moenkopi ya Wahopi, na vimegusana kabisa, yaani kiangazi ukivuka barabara umeshapishana saa nzima na uliyemwacha ng'ambo. Ukipewa miadi ya daktari upande ule uliza kwanza ni saa za nani.

mzee_wa_dira:
Australia nao wamo. Jimbo la Queensland hawabadilishi, jirani zao New South Wales wanabadilisha kuanzia Oktoba hadi Aprili, na mpaka unapita katikati ya Coolangatta na Tweed Heads ambayo kwa macho ni mji mmoja tu, mwaka mpya ukiusherehekea Tweed Heads unavuka mtaa unausubiri tena. Queensland walipiga kura 1992 wakakataa, kusini mashariki walitaka ila kaskazini na magharibi hawakutaka, na mi nawaelewa, ukikaribia ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana sasa unasogeza saa ili iweje. Kisiwa cha Lord Howe ndo wamenimaliza, wenyewe wanasogeza nusu saa!

Kauzu_tu:
Ujinga mtupu, nchi moja saa moja, basi.

KipimaMajira:
@Kauzu_tu China wanafanya hivyo. Matokeo yake Xinjiang huko magharibi jua linachomoza saa ya ukutani imeenda mbali, wenyeji wengi wanatumia saa yao isiyo rasmi iliyo nyuma masaa mawili, na ukivuka mpaka kwenda Afghanistan unarudisha saa masaa matatu na nusu kwa mkupuo. Kwa hiyo tabu umeihamisha tu.

Bi_Mshale:
@Mpitanjia79 kwenye simu usichague jina la ukanda, tafuta mji wenyewe, andika Phoenix, itajipanga yenyewe. Mountain Time inakupa saa za Denver. Na kama ulipo hamsogezi saa, pangeni kikao kwa saa za dada maana kwako na kwake tofauti haibadiliki, binamu ndo apige hesabu.

Mpitanjia79:
Nimebadilisha, imekubali. Binamu ameambiwa, amenuna.