Naomba ushauri: kufundisha mpira wa Kigaeli kwa watoto wa miaka 9 hadi 11

Mwalimu wa Bombo

Ndugu walimu na makocha, salaam. Ninafundisha shule ya msingi hapa Bombo, Uganda, na muhula huu nimekabidhiwa watoto 22, wavulana 13 na wasichana 9, ambao wameupenda sana mpira wa Kigaeli, ule mchezo wa Ayalandi unaochezwa kwa mikono na miguu pamoja. Timu kamili huwa na wachezaji 15, lakini sisi tunacheza saba kwa saba katika nusu ya uwanja wa kandanda, na wanane waliobaki hungoja zamu yao pembeni.

Kanuni za msingi ninazifahamu. Mwenye mpira mkononi haruhusiwi kupita hatua nne bila kuudundisha chini au kuudondosha mguuni na kuurudisha mkononi kama mtu apigaye danadana, na haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, nalo lina alama 3. Ukipita juu ya mwamba kati ya milingoti, kwa kawaida ni alama 1.

Yanayonishinda ni mambo mawili. Mpira ukianguka, watoto wote huuvamia kama siafu, na hakuna anayebaki mahali pa kupokea pasi. Kisha yupo kijana mmoja mrefu na hodari ambaye huuchukua mpira karibu na goli lake na kuufikisha goli la pili peke yake, huku wenzake wakimtazama. Nimemkemea, naye akanyong'onyea kiasi kwamba nilijuta. Tuna mipira mitatu ya kandanda na mmoja wa voliboli, na tunakutana Jumatano na Jumamosi kwa muda wa dakika 60. Nianzie wapi?

Kocha wa mpira wa pete, Tororo

Mwalimu, pokea salaam zangu. Anzia kwenye pasi ya mkono, na usiwape danadana kabisa kwa majuma mawili ya mwanzo. Mtoto akishajua kukimbia na mpira kabla ya kujua kuutoa, atakimbia nao daima, na huyo kijana wako anafanya tu kile ambacho mchezo umemruhusu.

Pasi ya mkono ina ugumu wake, kwa sababu mpira haurushwi. Unakaa juu ya kiganja cha mkono mmoja, kisha mkono wa pili unaupiga waziwazi, kwa ngumi au kwa kiganja, na refa asipoliona pigo hilo atahesabu kwamba umerushwa, ambalo ni kosa. Watoto waliozoea netiboli hurusha bila kujijua. Mimi huwaambia wasikilize: pasi nzuri inalia "pa", na pasi iliyorushwa ni bubu. Wapange wawili wawili, umbali wa hatua tano, na uanze na ule mpira wa voliboli kwa wale wenye mikono midogo, kwa kuwa ni mwepesi na hauumizi vidole.

Baada ya hapo tumia kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira unaotupwa na wenzako, maana hakuna mtoto wa Uganda asiyeijua. Badala ya kumlenga aliye katikati kwa kumtupia, wanaowinda wanatakiwa wamguse kwa mpira ulio mkononi, bila kuzidi hatua nne. Mwenye mpira hawezi kumfikia anayekwepa kwa hatua nne tu, kwa hiyo analazimika kumpa mwenzake aliye karibu zaidi, na yule mwenzake naye anajifunza kusogea mahali pa wazi kabla hajaitwa. Nimeona watoto waliokuwa wakirundikana wakitawanyika wenyewe ndani ya robo saa, bila mimi kuwapigia filimbi hata mara moja. Kuhusu siafu wako, gawa uwanja kwa mistari miwili ya majivu upate sehemu tatu, na kila mtoto asitoke katika sehemu yake.

Kocha wa vijana, Mbarara

Ninakubaliana na mwenzangu wa Tororo kuhusu kwepena, lakini mistari ya majivu siipendi. Mtoto aliyefungiwa nyuma ya mstari husimama na kungoja, ilhali ninachotaka ni ajifunze kuamua mwenyewe aende wapi. Dawa ya msongamano ni kupunguza idadi. Una watoto 22: fanya timu nne, mbili za watoto watano na mbili za watoto sita, kisha chezesha mechi mbili kwa wakati mmoja katika viwanja vidogo viwili. Hakuna atakayengoja pembeni, na kila mmoja ataugusa mpira mara nyingi zaidi. Huko Ayalandi kwenyewe, mechi za watoto wasiozidi miaka 12, zinazoitwa Go Games, zimejengwa juu ya msingi huohuo: timu ndogo, kila mtoto acheze mechi nzima, na mashindano ya kombe yasubiri umri mkubwa.

Huyo kijana usimkemee tena, nakuomba. Weka kanuni inayomhusu kila mtu, kwamba mtoto anaruhusiwa danadana moja tu kisha lazima atoe pasi, na kwamba goli halihesabiwi mpaka watatu wameugusa mpira. Yeye mwenyewe mpe kazi ya ziada ya kutumia mguu wake wa kushoto. Atahangaika nayo vizuri tu.

Danadana yenyewe ianze mtoto akiwa amesimama, kisha akitembea, na mwisho akikimbia polepole. Mpira udondoshwe kwa mkono wa upande uleule wa mguu unaopiga, na ncha ya mguu ivutwe juu ili mpira urudi kifuani. Kosa la kawaida ni kuurusha juu kwanza. Na wakati wa mvua uwanja ukiwa tope, acha kabisa kudundisha.

Jambo moja nisilolifanyia mzaha ni milingoti. Goli la kandanda lina upana wa mita 7.32 na la Kigaeli mita 6.5, hivyo tofauti ni ndogo, na unaweza kufunga miti ya mkaratusi kwenye goli la shule ili upate umbo la H. Ifunge kwa waya imara, na kama goli ni la kuhamishika likandamize chini kabla mtoto yeyote hajalikaribia, kwa sababu watoto huning'inia.

Mama mwalimu, Arua

Naongeza jambo kuhusu wasichana. Katika kanuni za wanawake, mchezaji aliyesimama anaruhusiwa kuuokota mpira moja kwa moja kutoka chini kwa mikono, wakati wanaume hutakiwa kuunyanyua kwanza kwa mguu. Kikumbo cha bega kwa bega, ambacho wanaume wanaruhusiwa, kwa wanawake ni kosa. Kwa kundi lako lililochanganyika, tumia kanuni za wanawake kwa wote. Unapoinama kuukwangua mpira kwa mguu katikati ya watoto kumi, kichwa chako kiko usawa wa magoti yao, na hapo ndipo nilipoona meno yakivunjika. Tumia pia mpira wa namba 4, ulio mdogo kuliko namba 5 na ambao ndio wa wanawake, kama unao.

Mwalimu wa Bombo

Nashukuru sana, makocha na mama mwalimu. Jana nilichezesha viwanja viwili kama alivyoshauri kocha wa Mbarara, baada ya kuanza na kwepena kwa dakika 20, na kanuni ya kuokota kwa mikono niliitumia kwa wote. Yule kijana mrefu alitoa pasi kumi na moja, nilizihesabu. Msongamano haujaisha, hasa katika mechi ya watoto sita, kwa hiyo Jumamosi nitajaribu majivu katika kiwanja kimoja na kuuacha bila mistari uwanja wa pili, nione watoto wenyewe watatawanyika wapi zaidi. Mipira miwili kati ya mitatu ni namba 5. Hiyo nitawapa wakubwa.