Watu wa Langoni 🌙

Zuhura, 07:12
Asalaam alaykum. Samira ametokwa na chokea kope ya juu, jicho halifunguki. Jumamosi ni kupamba bi harusi. Nataka watu wawili: wa kushinda naye amkande, na wa kumpeleka hospitali ya King Fahd akizidi. Jibuni.

Zuhura, 09:40
Mumesoma watu 11. Nawaona.

Salim, 09:58
Alikuwa akichungulia wapi? 😂

Twaha, 09:58
Uani kwa bwana harusi

Zuhura, 10:03
Hakuna cha kuchungulia. Ni bakteria, wakaa ngozini na puani siku zote. Wakiingia kwenye shina la ukope au kitezi cha mafuta, patunga usaha. Samira na kufikicha macho mwawajua. Kitambaa safi, maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku. Kikipoa, chovya tena. Na MSIKIKAMUE.

Mwanaisha, 10:20
Na wanja?

Zuhura, 10:21
Hilo alilokuwa akipaka litupwe.

Fatma, 10:22
Wanja lipi? Lile langu mulilolizungusha usiku wa Idi, nikalidai nikaitwa mchoyo?

Zuhura, 10:22
Fatma, si sasa.

Fatma, 10:24
Nauliza tu. Mimi nami nilitokwa na chokea wiki ile ile, hakuna aliyekusanya watu.

Twaha, 10:25
Basi na mchango wa Shela ufufuliwe 😂😂

Zuhura, 10:26
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Rukia, 11:15
Bibi asema niandike hivi hivi: "Ito si la kutezewa. Babu yenu alikitumbua chake kwa sindano, uso ukafura siku tatu. Mtu asimtie Samira wanja, hata bi harusi akitaka. Na la Fatma lilipwe."

Fatma, 13:31
Naja alasiri. Naja na taulo, asitumie la mtu.

Zuhura, 13:33
Ahsante mdogo wangu. Na wa hospitali? Uvimbe ukishuka shavuni, akipata homa au kuona ukungu, hatungoji. Siku mbili bila nafuu, pia aende. Salim?

Salim, 13:50
Punda yuko tayari 🫏

Zuhura, 13:50
Ndiyo au la?

Zuhura, 18:05
Salim.

Salim, 22:51
Nilikuwa baharini. Saa ngapi?

Twaha, 22:52
Na wanja analipa nani?