Wazungu wakiingia kijeshi nchi za watu, huwa wanafanikiwa?

Mzee wa Majengo: Wakuu, baada ya swala ya Ijumaa hapa Msikiti wa Gaddafi, Dodoma, ubishi uliwaka kijiweni kwa muuza kahawa. Gaddafi mwenyewe, aliyeufadhili msikiti, NATO (muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi) walisaidia kumng'oa 2011, Libya haijatulia hadi leo. Afghanistan Marekani ilikaa miaka 20. Agosti 2021 Taliban hao, Kabul! Kuna walikofaulu kweli?

Kahawa Chungu: Sierra Leone, mzee. Mwaka 2000 Waingereza walitua Freetown, wakashika uwanja wa ndege wa Lungi, waasi wa RUF wakarudi nyuma. Januari 2002 vita vikatangazwa kwisha. Ila serikali ilikuwepo, na askari wa UN walikuwepo.

Binti Kondoa: Na Kosovo 1999? Siku 78 za mabomu ya NATO, Milošević, rais wa Yugoslavia, akaondoa majeshi. Ingawa NATO bado wamepiga kambi huko.

Mzee wa Majengo: Sawa, nimewasikia. Kumtoa mtu si kazi. Kazi ni nani atalipa polisi kesho yake. Hata sisi 1979 tulimtoa Amin (Gaddafi huyohuyo alimpelekea askari!), JWTZ wakabaki Uganda hadi 1981, uchumi ukayumba. Foleni za sukari mnazikumbuka, au mlikuwa hamjazaliwa?