Mjadala: Mchango wa mtaa uende kwenye vipuri vya bei ndani ya amplifaya?

Mwanakamati, Mkomani
Assalamu alaikum jamaa. Amplifaya ya mtaa, ile ya harusi na maulidi, imeanza kukoroma na besi imekwisha. Tumechanga shilingi 40,000. Fundi mmoja anataka zote: ang'oe kila kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme kidogo) atie za bei ghali, abadilishe chipu, atie nyaya za fedha ndani. Anasema sauti itakuwa "tamu zaidi". Kamati imegawanyika. Hizi ni pesa za watu, wengine wametoa mia, wengine hamsini. Tupeni rai zenu.

Fundi, Langoni
Waalaikum salaam. Mimi napinga, na nitaeleza.

Kubadilisha kilichokufa ni jambo moja. Kung'oa kizima ili utie cha bei ni jambo jingine kabisa. Kapasita za elektroliti zina majimaji ndani, na joto huyakausha. Nyingi za kawaida huandikwa saa 2,000 za kazi kwenye joto la nyuzi 85 za Selsiasi, na kila joto likipungua nyuzi 10 umri wake huwa kama maradufu. Sasa fikirieni amplifaya iliyofungiwa kabatini msimu wa kaskazi, trafo inawaka, feni imejaa vumbi. Lazima zikauke.

Zikikauka ndiyo besi inapotea. Kapasita yenye uwezo wa mikrofaradi 1 inayopitisha sauti kwenye risista (kipuri kinachozuia umeme) ya kilo-omu 10 huanza kukata sauti zilizo chini ya hezi 16, yaani mitetemo 16 kwa sekunde, na huko sikio halina kazi. Ikibaki na sehemu ya kumi ya uwezo wake, inaanza kukata kwenye hezi 160, na ngoma ya dumbak yote inakonda. Zile kubwa za kusawazisha umeme nazo zikichoka, ndipo unaposikia huo mkoromo. Tia mpya za nyuzi 105 za kampuni inayoaminika, harusi nzima itasikia tofauti. Tia za bei mara kumi ya hizo, watasikia kilekile.

Na tusisahau spika. Amplifaya isiyo na hitilafu huharibu sauti chini ya asilimia 0.1. Spika ikisukumwa kwa nguvu hupita asilimia 1 bila tabu. Koni zetu zimepasuka na kugandishwa kwa gundi, halafu tununue nyaya za fedha?

Mpiga udi, Shela
Ami fundi, heshima yako ipo, lakini hapa sikubaliani nawe. Nimepiga kwenye amplifaya kabla na baada ya kubadilishwa vipuri. Baada, uzi wa juu wa udi ulisikika mpaka unapozimika. Sikio la mpigaji si la kudharauliwa. Halafu mbona watengenezaji wakubwa wanatumia vipuri ghali kama havina maana?

Fundi, Langoni
Sikudharau sikio lako, mwanangu. Nauliza tu: sauti zilipimwa zikawa sawa? Moja ikizidi hata desibeli moja, mtu hasemi "hii ina nguvu", husema "hii ni wazi". Na vipuri vya zamani vilikuwa vizima au vimechoka? Kama vilichoka, kipya chochote kingekupa uzi wako.

Mwaka 1985 Bob Carver, mtengenezaji wa Marekani, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba ataifanya amplifaya yake ya bei nafuu isikike kama moja ya bei kubwa waliyoichagua wenyewe. Aliziunganisha mbili, akapima tofauti inayobaki kati yake, akarekebisha sakiti mpaka tofauti ikakaribia kufutika. Wahariri wakashindwa kuzitenganisha. Kilichobadilika ni sakiti, si bei ya kapasita.

Lakini kuna mahali nakuunga mkono. Kama njia ya sauti ina kapasita ndogo za seramiki zile za bei ya chini kabisa, zitolewe, zitiwe za plastiki: za seramiki uwezo wake hubadilika volti zikipanda, na hilo hupimika. Na sehemu ya kukuza sauti ya maikrofoni ikiwa na chipu ya 4558, tia chipu ya NE5532. Miguu yake inalingana, kelele yake ya ndani ni ndogo, na bei yake haimtishi mtu. Chipu za kasi zaidi ya hapo kwenye bodi ya zamani zinaweza kuanza kutetema zenyewe bila sauti kuingia na kupasha moto kila kitu.

Mtunza hazina
Nataka jibu la pesa. Tununue nini?

Fundi, Langoni
Bi mkubwa, anza na chumvi. Upepo wetu unakula shaba, kila soketi ina ukungu wa kijani. Soketi mpya, kitufe cha sauti kipya, lehemu zote zilizopasuka zirudiwe. Kisha kapasita za elektroliti, kisha feni. Transista za kutoa sauti zisiguswe kama ni nzima: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 za feki zimejaa sokoni, utatoa orijino utie za kuungua harusi ya kwanza. Kinachobaki, na kitabaki kikubwa, kinunue koni za spika na stabilaiza, maana umeme ukiruka hakuna kapasita itakayokuokoa.

Mpiga udi, Shela
Soketi na spika nakubali. Kuhusu kapasita za bei, bado. Naomba zinunuliwe mbili tu za njia ya sauti, zifungwe upande mmoja, upande wa pili zitiwe za kawaida. Tupime volti za kutoa ziwe sawa, tupige kanda moja kwenye spika moja, tusikilize bila kujua upande gani.

Fundi, Langoni
Haki hiyo. Mita ninayo. Anayebadilisha swichi akae nyuma ya pazia, asiongee na mtu, na kila msikilizaji aandike jibu lake kivyake, mara 16. Ukipata 12 au zaidi, mimi mwenyewe nitawaambia kamati wanunue zilizobaki.

Mwanakamati, Mkomani
Kamati imekubali soketi, elektroliti na feni zinunuliwe wiki hii. Za bei zinangoja jaribio. Nani ana pazia zito na chumba kisicho na kelele za punda?